Ubishi wa kijiweni Ujiji: ni kweli wanariadha wa zamani walikuwa hawatumii dawa?

Bin_Ujiji (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kijiweni kwetu hapa Ujiji, tunapokaa kwenye kahawa baada ya swala ya alasiri, umezuka ubishi ambao sasa watu wanaanza kununiana. Chanzo ni mpwa wangu. Yuko kidato cha tatu, anakimbia mita 1500 na 5000, na tangu Simbu achukue ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo mwaka 2025, dogo hashikiki. Alfajiri anatoka Ujiji mbio hadi Mwanga na kurudi, daladala bado zinapiga debe za kwanza.

Sasa kashikwa na mafua, kaenda duka la dawa kanunua vidonge. Jamaa mmoja wa jimu akamwambia, "Wewe ukinywa hivyo halafu ukapimwa, umekwisha." Dogo kaja kuniuliza mimi. Mimi fundi cherehani, nitajua wapi?

Nikalipeleka kijiweni, ndiyo likawaka. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli, anasema dawa michezoni kaleta Ben Johnson, yule mkimbiaji wa Kanada, mwaka 1988, kabla ya hapo watu walikimbia kwa ugali na migebuka tu. Mwingine anasema hapana, ni Wajerumani. Muuza kahawa naye akachomekea kwamba hata hii kahawa anayotumiminia iliwahi kuhesabika dawa haramu michezoni. Tulimcheka mpaka akazira, siku hiyo kashata akauza kwa bei ya wageni.

Naomba wenye kujua mnisaidie. Haya mambo yalianza lini hasa? Enzi za wakimbiaji wetu wa zamani, kina Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, ilikuwaje? Hiyo ya kahawa ni kweli, au jamaa anatangaza biashara? Na lenye haraka kuliko yote: dogo na vidonge vyake vya mafua afanyeje? Siasa na matusi pelekeni jukwaa jingine.

Mgebuka_Mkavu

Mkuu, Kigoma hii hii ninayoijua mimi ndiyo mnahangaika na vidonge? Hirizi haionekani kwenye mkojo, mwambie dogo ajifunge kiunoni akimbie. Natania jamani, msinifungie akaunti. Nasubiri wajuzi.

Dirishani_Tabora

Mwangaluka, mleta mada. Nauza dawa hapa Tabora, dirisha langu linatazama njia ya kwenda sokoni, na kabla ya kuvaa koti jeupe nilikuwa mkimbiaji wa mita 800 wa shule. Kwa hiyo umenigusa kotekote. Nitaandika kirefu, mtanivumilia.

Mzee wa reli mwambieni kachelewa miaka 84. Mwaka 1904, Olimpiki ya St. Louis kule Marekani, marathoni ilikimbiwa mchana wa jua kali, njia ya vumbi tupu, maji ya kunywa ya kubahatisha. Walianza watu 32, wakamaliza 14. Wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa Fred Lorz, kumbe sehemu ya njia alipanda gari. Wakamfuta. Dhahabu ikaenda kwa Thomas Hicks, na huyu Hicks njiani wasaidizi wake walikuwa wanamnywesha striknini iliyokorogwa na ute wa yai, kisha brandi juu yake. Striknini ndiyo watu walikuwa wakiulia panya. Kidogo inashtua mishipa ya fahamu, ukizidisha misuli inakakamaa yote mpaka ya kupumulia. Hicks alifika mwisho akiwa anashikiliwa huku na huku, hajitambui. Medali hakunyang'anywa, kwa sababu hakukuwa na sheria yoyote aliyoivunja. Mmoja wa waliofuatana naye, Charles Lucas, akaandika baadaye, tena kwa fahari, kwamba mbio zile zimethibitisha dawa zinamfaa mkimbiaji.

Kuna jambo huwa linanifurahisha katika mbio hizo. Walikuwemo Watswana wawili kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani, Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki. Taunyane alikurupushwa na mbwa akatolewa nje kabisa ya njia, akarudi, akamaliza wa 9. Mwenzie wa 12. Mwingine alikuwa na daktari na brandi, huyu alikuwa na mbwa nyuma yake.

Basi ukishaielewa St. Louis umeielewa historia yote iliyofuata. Dawa hutangulia, sheria inakuja nyuma inahema. Shirikisho la riadha la dunia lilikataza vichangamsho mwaka 1928, lakini kipimo hakikuwepo, na kukataza bila kupima ni sawa na kuandika USIKOJOE HAPA ukutani. Ilibidi watu wafe kwanza. Mwaka 1960 Roma, Olimpiki ile ile aliyoshinda Abebe Bikila pekupeku, mwendesha baiskeli wa Denmark, Knud Enemark Jensen, alianguka kwenye joto kali akafa, na habari za amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili, zikatapakaa ingawa joto lenyewe lilitosha kuua. Mwaka 1967 kwenye mbio za baiskeli za Tour de France Mwingereza Tom Simpson akafia mlimani, Mont Ventoux. Huyo alikutwa na amfetamini na pombe mwilini. Amfetamini haikupi nguvu usizokuwa nazo. Inakufanya usisikie mwili unapokwambia basi.

Mwaka huo huo Kamati ya Olimpiki ikatoa orodha yake ya kwanza ya dawa zilizokatazwa, na 1968 ikaanza kupima. Mnamjua wa kwanza kunaswa? Msweden Hans-Gunnar Liljenwall, aliyekunywa bia ili mkono usitetemeke kwenye kulenga shabaha. Timu yake nzima ikarudisha shaba kwa ajili ya bia! Ilikuwa Mexico, kule kule John Stephen Akhwari wetu alikoingia uwanjani wa mwisho, goti limefungwa bandeji. Kama kuna mtu alistahili bia siku zile ni Akhwari.

Sasa enzi za kina Bayi. Steroidi, yaani homoni za kujenga misuli, zilianza kupimwa kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Tanzania hatukwenda, tulisusia kwa sababu New Zealand walikwenda kucheza raga na Makaburu. Bayi akabaki, na rekodi yake ya dunia ya mita 1500 mkononi, 3:32.2, aliyoiweka Christchurch mwaka 1974. Huko Montreal wanawake wa Ujerumani Mashariki wakachukua dhahabu 11 kati ya 13 za kuogelea. Kwa hiyo yule aliyesema Wajerumani hakukosea sana. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mafaili yakafunguliwa: ulikuwa mpango wa serikali. Mabinti wadogo, wengine hawajamaliza kukua, walipewa vidonge vya bluu, Oral-Turinabol, wakiambiwa ni vitamini. Kumbe homoni za kiume. Sauti zikakwaruza, ndevu zikaota, na wengine walipokuja kuolewa mimba zikawa zinaharibika. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani mkuu wa michezo, Manfred Ewald, na daktari Manfred Höppner, vifungo vya nje vyote viwili. Mimi dirishani nikisikia mtu anataja "vitamini alizonipa kocha", nywele zinanisimama.

Halafu Moscow 1980. Hapa mzee wa reli asikilize vizuri, maana hii inatuhusu. Bayi alipata fedha mita 3000 kuruka viunzi na maji. Nyambui akapata fedha mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Wa tatu alikuwa Kaarlo Maaninka wa Finland, ambaye baadaye alikiri kwamba kabla ya michezo ile aliongezewa damu. Ukiongezewa damu unaongeza chembe nyekundu, chembe nyekundu ndizo zinazobeba oksijeni, na mkimbiaji wa masafa bila oksijeni hana lake. Nyambui alitumia 13:21.60, Maaninka 13:22.00. Mtanzania kamtangulia kwa sehemu nne tu za kumi za sekunde mtu aliyekuwa na damu ya ziada mwilini! Lakini kwenye mita 10,000 damu ile ilimpa Maaninka fedha, na kuna mtu alipanda jukwaani hatua moja chini ya alipostahili. Medali zake zote mbili anazo, kwa kuwa kuongezewa damu kulikuja kukatazwa katikati ya miaka ya 1980. Katika Olimpiki ile ya Moscow rasmi hakunaswa mtu hata mmoja, na sidhani kama ni kwa uchamungu.

Kahawa: muombeni radhi muuza kahawa. Kafeini ilikuwa imekatazwa, ukikutwa nayo zaidi ya mikrogramu 12 katika mililita moja ya mkojo umeingia matatani. Iliondolewa kwenye orodha tarehe 1 Januari 2004. Ila vile vikombe vyenu vidogo visingemfikisha mtu huko, angekunywa birika zima na mkaa wake.

La dogo nakuja, kuna mteja hapa.

Bin_Ujiji

Dada, Mungu akuzidishie. Nimewasomea kwa sauti. Ya kahawa imeleta shangwe, mzee wa reli amenyamaza kwanza halafu akasema "lakini huyo Hicks hakuwa na nia mbaya." Hatujamaliza ubishi, tumeuhamisha.

Kiloleni_Fitinesi

Da Dirishani, heshima yako, lakini mnatisha watu. Kama tangu 1904 wanatumia, na wakubwa wote wanatumia, si waruhusu tu? Kila mtu atumie, uwanja uwe sawa. Huku jimu tunaona vijana wanaotumia na wako fiti kuliko nyie wa "ugali na migebuka". Na huyo Ben Johnson mbona umemruka?

Dirishani_Tabora

Sikumruka, nilimwacha kwa sababu kila mtu anamjua. Seoul, Septemba 1988, mita 100 kwa 9.79, siku chache baadaye mkojo wake ukakutwa na stanozololi, aina ya steroidi, dhahabu ikaenda kwa Carl Lewis. Na kadiri miaka ilivyokwenda, wengi wa wale wanane wa fainali ile majina yao nayo yaliingia kwenye habari za dawa. Kwa hiyo Johnson hakuanzisha kitu, alikuwa aliyenaswa mbele ya kamera.

Mdogo wangu wa Kiloleni, uwanja hauwi sawa hata mkiruhusu. Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani, hakuwashinda wenzake kwa sababu yeye tu ndiye alitumia. Alikuwa na daktari bora, ratiba bora na pesa za kununua ukimya. Alipimwa miaka yote ile akapita, mpaka mwaka 2012 wenzake wa timu waliposimulia akanyang'anywa mataji 7 ya Tour de France. Kule Sochi, Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2014, Warusi walipitisha chupa za mkojo kwenye tundu la ukutani usiku, chafu zinatoka, safi zinaingia. Mwenye maabara ndiye anashinda. Mtoto wa Isevya au wa Ujiji huyo maabara anaitoa wapi? Yeye anakuja kwangu.

Ngoja nikwambie wanavyokuja. Jioni, duka likiwa na watu wachache. Dawa haitaji jina. Anafungua kiganja, ndani kuna kipande cha karatasi ya vidonge vilivyokwisha, kimekatwa kikabaki na herufi nne za mwisho: "sone". "Dada, nipatie kama hii." Ni deksamethasoni. Kaambiwa inajaza mwili. Kweli mashavu yanajaa, shingo inajaa, anajitazama kwenye kioo anafurahi, lakini hayo ni maji na mafuta. Misuli yenyewe dawa hiyo huila taratibu. Sukari inapanda, mifupa inalegea, na akiiacha ghafla mwili umeshasahau kutengeneza homoni yake ya asili, anaweza kuzimia. Nikimkatalia anavuka barabara, kuna dirisha jingine. Wanaofaulu kupata sindano za steroidi zenyewe ndio hao unaowaona fiti. Waulize faragha kuhusu korodani kusinyaa na chuchu kuvimba. Kijana ambaye hajamaliza kurefuka, ncha za mifupa zinafunga mapema, urefu unaishia hapo.

Na EPO, ile homoni tunayoijua hospitalini kwa wagonjwa wa figo, inafanya kazi ile ile ya damu ya Maaninka bila chupa ya damu. Damu inakuwa nzito. Kipimo chake kilianza kutumika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, wakati waendesha baiskeli walikuwa wameshaitumia muongo mzima. Unaona tena, sheria inahema nyuma.

Kocha_Kasulu

Niongeze kidogo kama mtu wa riadha. Jirani zetu Kenya wamepata shida kubwa hapo kwenye EPO: Rita Jeptoo mwaka 2014, Jemima Sumgong aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa marathoni, Asbel Kiprop wa mita 1500. Mwaka 2016 wakatunga sheria na kuunda taasisi yao ya kupambana na dawa, na sasa wanapimwa mno, ndiyo maana kila mwezi unasikia jina. Watanzania tusichekelee. Asiyepimwa hanaswi.

Hawa wanariadha wengi wanatoka familia za kawaida. Mtu anamwambia ukishinda mbio moja ya barabarani Ulaya unajenga nyumba, na sindano hii hapa, utanilipa ukirudi. Nimewahi kusikia maneno hayo kwa masikio yangu, tena yakisemwa kwa upole kabisa.

Dirishani_Tabora

Kocha umenena. Haya, vidonge vya mafua.

Jamaa wa jimu hakumdanganya dogo moja kwa moja. Dawa nyingi za mafua zina kitu cha kuzibua pua, na baadhi ya vitu hivyo ni vichangamsho. Kombe la Dunia la 1994 Maradona alirudishwa nyumbani kwa efedrini. Sydney mwaka 2000 binti wa miaka 16 wa Romania, Andreea Răducan, alinyang'anywa dhahabu ya jimnastiki kwa kidonge cha mafua alichopewa na daktari wa timu yake mwenyewe. Ndani kulikuwa na sudoefedrini. Walikubali kwamba hakukusudia, medali wakaichukua vilevile. Kanuni ndivyo ilivyo: kilichomo mwilini mwako ni chako, awe amekupa daktari, mama au mkeo. Muulizeni André Onana, kipa wa Cameroon, alikunywa kidonge cha mkewe akidhani ni chake cha kichwa, kumbe furosemidi, dawa ya kukojosha. Mwaka 2021 akafungiwa miezi 12, rufaa ikapunguza hadi 9. Wanaikataza kwa sababu inazimua mkojo ukaficha mengine.

Dogo ageuze boksi asome viambato, maandishi madogo ya nyuma. Parasetamoli haina tatizo. Piritoni haina tatizo, ila itamlaza, asiinywe asubuhi ya mbio. Akiona sudoefedrini, inakatazwa siku za mashindano ikizidi kiwango, kwa hiyo aiache mapema, angalau siku nzima kabla. Efedrini asiiguse. Deksamethasoni na prednisoloni za kumeza au za sindano zimekatazwa kwenye mashindano, na tramado nayo tangu Januari 2024, nawataja kwa sababu najua zinavyotembea mitaani. Kujifukiza kwa mvuke ruksa, ajifunike blanketi lake atoke jasho. Na akienda dukani aseme mapema, "mimi mwanamichezo." Muuzaji anayejua kazi yake atabadilisha boksi.

Mama_Netiboli_Uvinza

Dada, samahani nadandia uzi. Binti yangu anacheza netiboli, ana pumu tangu mdogo, anatumia pampu ya bluu. Mwalimu mmoja kamtisha kwamba nayo ni dawa ya kusisimua. Na pampu ikiisha huwa namnunulia vidonge vyake, ni rahisi zaidi.

Dirishani_Tabora

Mama, usihangaike, pampu ya salbutamoli inaruhusiwa. Kuna kikomo tu: mikrogramu 1600 kwa saa 24, na zisizidi 600 ndani ya saa 8. Pampu nyingi hutoa 100 kwa mpulizo mmoja, kwa hiyo ni mipulizo 6 ndani ya saa 8. Mtoto ambaye pumu yake imetulia hafiki huko. Akifika, huyo anahitaji daktari kabla ya mchezo.

Vidonge ndivyo vyenye shida. Salbutamoli ya kumeza, ya vidonge na ya maji, imekatazwa wakati wote, si siku za mashindano tu. Najua pampu ni ghali na vidonge ni bei ya maandazi. Lakini hata mbali na michezo, vidonge vinampa mapigo ya moyo na mikono kutetemeka, na kifua kinachelewa kufunguka. Kama atafika ngazi ya kupimwa na daktari akaona lazima ameze, kuna kibali cha matibabu kinachoombwa kabla. Kwa sasa kadi yake ya kliniki ikae kwenye begi la mazoezi pamoja na pampu, na mwalimu aonyeshwe zote mbili.